Jino, Pilipili na Haradali: Majina ya Mmea wa Msituni na Madai Yake

Misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi majimbo yanayopakana na Ghuba ya Meksiko, hupukutisha majani wakati wa baridi. Baridi inapolegea, kati ya Machi na Aprili, yapo majuma machache ambayo jua hufika hadi chini kabisa kwa kuwa miti bado haijachipua. Katika majuma hayo huota mmea mfupi, wa sentimita 20 hadi 40, wenye majani matatu yaliyochanika-chanika yakilizunguka shina mahali pamoja, na maua meupe au ya waridi hafifu yenye petali nne. Miti ikianza kutanda kivuli, maganda yake membamba hupasuka na kurusha mbegu, majani hunyauka, na ifikapo Juni juu ya ardhi hakuna dalili yake. Uhai wake umebaki udongoni, katika shina nene linalotambaa, jeupe, lililogawanyika pingili-pingili. Wataalamu wa leo wanauita Cardamine concatenata. Waliowatangulia waliuita Dentaria laciniata. Wazungumzaji wa Kiingereza wa huko wanauita toothwort, yaani mmea wa meno, na wengine pepperroot, mzizi wa pilipili. Nao ni wa familia ileile ya haradali, kabichi, figili na sukuma wiki.

Wapo wanaouona wingi huu wa majina kuwa kero tupu. Upande mmoja husema wataalamu hubadili majina kwa kujifurahisha. Upande wa pili husema majina ya watu wa kawaida ni porojo zisizofaa kitabuni. Sikubaliani na upande wowote. Jina la mmea ni dai kuhusu mmea huo: dai juu ya umbo lake, ladha yake, tiba yake au ukoo wake. Dai hupimwa. Likishinda kipimo, jina linatupa maarifa ya kutegemea. Likishindwa, hatuna sababu ya kuliamini, lakini tunazo sababu nzuri za kulihifadhi, kwa kuwa linaonyesha watu walitazama nini na waliwaza vipi walipokitazama. Mmea huu unafaa kuwa mfano kwa sababu majina yake yamedai mambo manne: kwamba unatibu meno, kwamba ni mkali mdomoni, kwamba una jenasi yake wenyewe, na kwamba ni ndugu wa haradali. Yote manne yamekwisha kupimwa, na matokeo hayakufanana.

Dai la kwanza ni la meno. Pingili na magamba ya shina la chini la mimea ya kundi hili huleta picha ya meno, hasa katika aina za Ulaya ambazo ndizo zilizopewa jina hilo kwanza. Mganga wa Ulaya wa karne ya 16 na ya 17 hakuishia kwenye kufanana. Mafundisho yaliyohusishwa na Paracelsus, na baadaye kuenezwa Uingereza na waandishi kama William Coles katika miaka ya 1650, yalishikilia kwamba Mungu ameiwekea mimea alama za matumizi yake: chenye umbo la moyo ni cha moyo, chenye umbo la ini ni cha ini, na chenye umbo la jino ni cha jino. Msomaji wa Kiswahili asiharakishe kuwacheka. Sisi wenyewe tuna mwarobaini, mti unaobeba katika jina lake dai la kutibu maradhi arobaini. Uchunguzi umethibitisha kwamba mwarobaini una kemikali, azadirakitini, inayodhibiti wadudu waharibifu, na hilo limeunufaisha ukulima duniani kote. Lakini hesabu ya arobaini haikutokana na kuhesabu. Jina la aina hii huchanganya uzoefu wa kweli na tumaini kubwa, na kazi yetu ni kuvitenganisha.

Kwa mmea wa meno, kipimo ni rahisi kukieleza. Umbo la pingili zake lina sababu yake, na sababu hiyo haimhusu mwanadamu. Mmea unaopata mwanga kwa majuma machache tu kwa mwaka lazima ujitengenezee chakula kwa haraka na kukiweka akiba mahali ambapo baridi na wanyama hawatakifikia kwa urahisi. Pingili nono za chini ya ardhi ndizo ghala hilo. Zinafanana na meno kwa bahati tu, na bahati haitibu. Kwa hiyo jina hili ni la kweli kama maelezo ya umbo, na si la kweli kama agizo la dawa. Tofauti hiyo ndiyo inayokosekana mara nyingi katika mabishano kuhusu miti shamba: jina moja huweza kubeba madai mawili, na kushindwa kwa moja hakuliangushi la pili.

Dai la pilipili lina hadithi nyingine. Ukitafuna pingili ya mmea huu, ulimi unapata ukali unaopanda puani, kama wa haradali. Ukali huo unaeleweka vyema. Mimea ya familia hii huhifadhi katika seli zake kemikali ziitwazo glukosinolati, na katika seli nyingine huhifadhi kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Mmea ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Jino la mlaji likiuponda, vinachanganyika, na papo hapo hutokea mafuta makali yanayowasha. Mwenyeji aliyeupa mmea jina la pilipili hakuhitaji maabara ili awe sahihi. Watu wa mataifa ya Iroquois walikula mizizi ya nduguye wa karibu, Cardamine diphylla, ikiwa mibichi pamoja na chumvi, au ikiwa imechemshwa. Wacherokee walipika majani yake kama mboga. Wamenominee wa eneo la Wisconsin waliichachusha mizizi ya aina nyingine kubwa zaidi kwa siku kadhaa ili utamu utokee, kisha wakaipika na mahindi. Jina la pilipili limeshinda kipimo cha ulimi, cha jikoni na cha kemia, na linastahili heshima sawa na jina lolote la Kilatini kwa jambo linalolidai.

Dai la tatu ndilo lililoleta ubishi mrefu. Mwaka 1753, katika kitabu chake Species Plantarum, Carl Linnaeus aliandikisha jenasi mbili bega kwa bega: Cardamine, kwa mimea myepesi ya mabondeni na kando ya vijito, na Dentaria, kwa ile ya msituni yenye mashina ya chini mithili ya meno. Dai lililomo katika jina Dentaria ni zito: linasema kwamba mimea yote yenye meno hayo ni ukoo mmoja, wenye babu wake, tofauti na Cardamine. Shaka haikuchelewa. Mwaka 1769 Heinrich Johann von Crantz, akichunguza mimea ya Austria, alihamishia katika Cardamine baadhi ya aina ambazo Linnaeus alikuwa ameziweka Dentaria, kwa kuona kwamba maua na maganda yao hayana tofauti ya maana. Kwa zaidi ya karne mbili wataalamu waligawanyika. Wengi wa Amerika walibaki na Dentaria, kwa sababu kwao mimea hiyo inajitenga vizuri na kila anayepita msituni huitambua mara moja.

Ushahidi ulioamua ulitoka ndani ya jani. Mwaka 2000 Patrick Sweeney na Robert Price walichapisha katika jarida la Systematic Botany matokeo ya kulinganisha sehemu mbili za DNA ya kloroplasti kutoka mimea ya pande mbalimbali za dunia. Kama Dentaria ingekuwa ukoo mmoja, mimea yake yote ingekusanyika kwenye tawi moja. Haikukusanyika. Aina za mashariki mwa Amerika Kaskazini zilishikamana zenyewe kwa zenyewe, lakini nyingine zilizoitwa Dentaria ziliangukia kwingine, zikiwa karibu zaidi na Cardamine za kawaida kuliko na wenzao wa jina. Maelezo yake yanaeleweka kirahisi: kivuli cha msitu na ufupi wa majira ya mwanga vimeifikisha mimea ya koo tofauti kwenye suluhisho lilelile la kuweka akiba chini ya ardhi. Meno hayo yameota zaidi ya mara moja katika historia. Jino, ambalo halikuwa ushahidi mzuri wa tiba, halikuwa ushahidi mzuri wa ukoo pia. Kwa sababu hiyo wataalamu walio wengi leo hutumia jina Cardamine kwa kundi lote, lenye spishi zaidi ya 200 duniani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hatua hiyo ni la kiutendaji, na lina uzito. Mkulima, mwalimu au mlinzi wa hifadhi aliyejifunza jina moja kwa maisha yake yote huambiwa ghafla kwamba halitumiki. Vitabu vyake vinaonekana vimechakaa kabla ya kurasa zake kuchakaa. Kwa nini tusiubakize umoja wa kihistoria kwa ajili ya utulivu? Jibu ni kwamba utulivu unaoombwa hapa ni utulivu wa kosa. Jina la jenasi hutumiwa kukisia mambo ambayo hayajachunguzwa: kama mmea fulani una kemikali fulani, tunatarajia ndugu yake awe nayo pia. Tukilibakiza jina linalodanganya kuhusu undugu, kila makisio yanayojengwa juu yake yatapinda. Isitoshe, sheria za kutaja mimea hazimwachi msomaji wa zamani gizani. Jina la pili la mmea huu lenyewe ni mfano wa uangalifu huo. Mmea ulipohamishiwa Cardamine, neno laciniata halikuweza kuhama nao kwa sababu ndani ya jenasi hiyo lilikuwa limekwisha kupewa mmea mwingine. Ikabidi lichukuliwe neno concatenata, ambalo Mfaransa André Michaux alikuwa amelitumia kwa mmea huuhuu mwaka 1803, na Otto Schwarz akaliunganisha na Cardamine mwaka 1939. Hakuna kilichobuniwa kwa pupa. Kila jina la zamani limeandikwa, na mwaka wake, na mwandishi wake, na kielelezo kikavu kinachothibitisha lilimaanisha mmea upi.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: kama Kilatini kinabadilika hivi, basi tutumie majina ya watu, ambayo hayabadiliki kwa amri ya kikao. Ni kweli kwamba jina toothwort limedumu wakati Dentaria ikianguka. Lakini kudumu ni sifa moja, na kutambulisha ni sifa nyingine. Jina hilohilo la Kiingereza hutumiwa Ulaya kwa Lathraea squamaria, mmea usio na rangi ya kijani unaofyonza mizizi ya miti, ambao hauna undugu wowote na haradali. Cardamine bulbifera ya Ulaya nayo huitwa kwa Kiingereza mzizi wa marijani, na jina hilohilo limepewa okidi fulani za msituni. Mtu anayekusanya mizizi ya kula akiongozwa na jina pekee anaweza kurudi na mmea ambao hakuukusudia. Kwa upande mwingine, tusijidanganye kwamba Kilatini chenyewe ni safi. Neno Cardamine linatoka katika jina la Kigiriki la mboga kali ya kale, shina lilelile lililozaa jina ambalo kwalo lugha za Ulaya huiita iliki. Ilhali iliki ni ya familia ya tangawizi. Jina la watu limetunza matumizi na mahali. Jina la kitaalamu limetunza utambulisho na ukoo. Anayelitaka moja lifanye kazi ya mwenzake ndiye anayeleta mkanganyiko.

Limebaki dai la nne, la familia, na hili halikupimwa na wanadamu peke yao. Katika misitu hiyohiyo ya Amerika yupo kipepeo mweupe, Pieris virginiensis, anayeruka mwezi Aprili na Mei pekee. Jike hutaga mayai kwenye majani ya mimea hii ya meno, na viwavi wake hula majani hayo kabla hayajanyauka. Hautambui mmea kwa jina lolote letu. Anautambua kwa kemikali za familia ya haradali, zilezile zinazowasha ulimi wa binadamu. Kwa maelfu ya vizazi alama hiyo ilikuwa mwongozo wa kuaminika. Kisha wahamiaji kutoka Ulaya wakaleta Alliaria petiolata, mmea wa mboga wenye harufu ya kitunguu saumu, ulioonekana porini Long Island, New York, mwaka 1868 na kuenea katika misitu ya mashariki. Nao ni wa familia ya haradali. Kipepeo anaupokea kama ndugu wa chakula chake, anautagia mayai, na viwavi wanaoanguliwa hufa kwa sababu majani yake yana kemikali nyingine ambazo miili yao haiwezi kuzimudu. Huku mgeni huyo akizidi kutwaa nafasi ya mimea ya asili, kipepeo anapoteza mara mbili: chakula chake kinapungua, na mayai yake yanapotea.

Mkasa huu unathibitisha dai la familia na kuonyesha mipaka yake kwa wakati mmoja. Undugu ni wa kweli kiasi kwamba mdudu hujenga maisha yake juu yake, lakini undugu si usawa. Ndugu wawili wanaweza kushiriki sumu moja na kutofautiana katika nyingine. Wakulima wa Kenya na Tanzania wanalijua somo hili kwa njia yao. Nondo mdogo mwenye madoa ya umbo la almasi mgongoni, Plutella xylostella, hushambulia kabichi na sukuma wiki kwa sababu anafuata kemikali hizohizo. Anayepanda sukuma wiki baada ya kabichi akidhani amebadilisha zao hajambadilishia nondo chochote. Jina la familia, ambalo shuleni huonekana kama neno la kukariri kwa ajili ya mtihani, shambani ni tahadhari yenye thamani ya fedha.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Majina haya ya kitaalamu, watu husema, yalitungwa na Wazungu waliokaa mbali, wakayapuuza majina ya wenye misitu. Hilo haliwezi kukanushwa. Majina ambayo Wacherokee na Wamenominee waliipa mimea yao yalirekodiwa kwa kuchelewa, kwa mapengo, na mara nyingi na watu wasiozungumza lugha hizo. Suala hili linatugusa moja kwa moja, kwa maana jenasi hii iko kwetu pia. Katika misitu yenye unyevu ya milima ya Afrika Mashariki huota Cardamine africana, mmea wa kivulini wenye majani ya vipande vitatu na maua madogo meupe. Linnaeus aliupa jina hilo mwaka 1753 bila kukanyaga bara hili. Neno africana ni dai dogo mno: linasema unatoka Afrika, basi. Halisemi unaota kwenye mlima gani, unaliwa au hauliwi, wala nani aliutambua kabla.

Hata hivyo, tiba ya upungufu huo haipatikani kwa kufuta Kilatini. Bila jina moja linalotambulikana Nairobi, Kampala na Dodoma, mtafiti wa Usambara hawezi kujua kama mmea wake ndio ule ulioelezwa na mwenzake wa Mlima Elgon. Kitabu kikuu cha mimea ya ukanda wetu, Flora of Tropical East Africa, kilichotoka kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, kinaeleza spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Tanzania na Uganda kwa mpangilio huo wa pamoja, na bila mpangilio huo kisingewezekana. Upungufu hutibiwa kwa kuandika kilichoachwa: jina la wenyeji kwa kila lugha, kijiji au msitu liliposikika, sehemu ya mmea inayotumika, na jambo ambalo jina linadai. Jina likidai tiba, liandikwe kama dai la tiba linalongoja kipimo, bila kulikejeli na bila kulitangaza sokoni kama jambo lililothibitishwa. Likidai ladha, lionjwe na wanaojua kilicho salama kuonjwa. Likidai undugu wa mimea miwili, lipelekwe maabara, kwa sababu mara nyingi jicho la mwenye shamba limeona kabla ya darubini, na mara nyingine limedanganywa na umbo kama lilivyodanganywa jicho la Linnaeus.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodaiwa zaidi. Kimeshakuwa lugha ya shule, bunge na magazeti, lakini maandishi yake kuhusu mimea ya msituni bado hutegemea orodha fupi za majina zisizotaja mahali wala matumizi. Mhariri wa kamusi, mwalimu wa biolojia na mtunza hebaria, yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, wanaweza kuanza na kanuni moja: jina lolote la mmea lisichapishwe peke yake. Liambatane na jina la kitaalamu la sasa, majina ya kitaalamu yaliyopita, na maelezo ya kile ambacho watu wanalitumia jina hilo kukisema. Mmea wa meno wa Amerika ulipata bahati hiyo kwa sehemu, na ndiyo maana leo tunaweza kueleza ni dai lipi la majina yake lilisimama na lipi lilianguka, na kwa ushahidi gani. Mimea ya milima yetu inastahili kumbukumbu kamili zaidi ya hiyo, na inapaswa kuanza kuandikwa sasa, wakati wanaoyajua majina bado wapo wa kuulizwa.